Orwell na Pilipili katika Chai

Insha ya George Orwell juu ya kikombe cha chai ilitokea katika gazeti la Evening Standard la London tarehe 12 Januari 1946. Ni fupi kiasi kwamba mwalimu aweza kuisoma yote darasani kabla chai yake haijapoa. Mwandishi anatoa kanuni 11, na anazitetea kwa ukali ambao wengine huuwekea siasa. Buli liwe la udongo au la kaure, lipashwe moto kwanza. Buli lipelekwe kwenye birika la maji yanayochemka, si birika kupelekwa kwenye buli. Chai itangulie kikombeni, maziwa yafuate.

Nguvu ya insha hii imo katika vitu vyenyewe: kijiko, buli, kikombe. Wanafunzi wetu tukiwapa mada "Faida za Chai" hutuletea faida tano walizokariri, wala harufu ya jani haisikiki. Tena Orwell hakuandika katika neema. Chai Uingereza ilikuwa ya mgawo tangu 1940 hata 1952. Wakati ule kila mtu alipata wakia mbili kwa juma, yaani kama gramu 57. Anapohesabu vikombe 20 kutokana na wakia hizo, msomaji anahisi faraja ya watu waliochoshwa na vita.

Lakini kanuni ya 11 siikubali. Anapiga marufuku sukari, na kwa kejeli asema kwamba ni sawa na kutia pilipili au chumvi. Kwake huo ni upeo wa upuuzi. Kwetu pilipili manga katika chai ya rangi ni jambo la kawaida. (Hata chumvi ina wenyewe: huko Tibet na Kashmir.) Ajabu ni kwamba alizaliwa Motihari, India, mwaka 1903, ingawa alipelekwa Uingereza angali mchanga.

Viungo navyo vina kanuni zake. Chai yetu ya Uganda, kama ya Kenya, aghalabu hukatwakatwa kwa mashine ikawa chembe ndogo zitoazo rangi na ukali upesi. Kwa hiyo haimezwi na iliki wala mdalasini. Tangawizi mbichi isipochemshwa kwanza katika maji, huyakata maziwa. Karafuu ikizidi, sufuria nzima hunukia dawa ya jino. Ni nani kati yetu aliyeyaandika haya kwa Kiswahili, kwa ukali uleule?

Kasoro nyingine ni kubwa zaidi. Kanuni zote 11 zamhusu mnywaji na vyombo vyake. Hakuna hata moja imhusuyo mgeni. Nyumbani kwetu bakuli la sukari huwekwa mezani kwa ajili yake, atie apendavyo, wala hakuna amhesabiaye vijiko.

Orwell anawasihi wapenda sukari waiache kwa majuma mawili, waonje chai yenyewe. Ombi la haki. Nami ningalimwomba majuma mawili ya tangawizi na iliki, kabla hajaihukumu pilipili.