Mkono Uliolala Huamshwaje?

Mgonjwa wa kiharusi anayefika kliniki ya fiziotherapia kwa mara ya kwanza huja na matarajio yake. Wapo wanaotegemea kukandwa kwa mafuta, wapo wanaotegemea mashine ya umeme, na wapo waliosikia kwamba kuna sindano. Wanachokikuta ni maswali mengi, kalamu, saa ya kuhesabia sekunde na kiti kimoja. Baadaye wanapangiwa tarehe ya kurudi. Njiani ndugu aliyemsindikiza mgonjwa ananung'unika: nauli ya bajaji kwenda na kurudi imeteketea, na hakuna walichomfanyia.

Wamemfanyia kitu kikubwa: wamempima. Bila kipimo cha siku hiyo, hakuna atakayejua baada ya wiki sita kama mkono unaendelea vizuri au umekwama palepale.

Suala hili linagusa nyumba nyingi. Utafiti uliofuatilia wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 uliwahesabu 636. Tofauti za umri ziliposawazishwa, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai 109. Wanaonusurika hurudi nyumbani, na kwa wengi wao matibabu yanayobaki ni kuhudhuria kliniki kama wagonjwa wa nje.

Siku ya kwanza ina utaratibu wake. "Daktari wa mazoezi", kama wengi wanavyomwita, huanza na historia: kiharusi kilitokea lini, kimeathiri upande gani, na dawa gani zinatumika. Anauliza pia mambo ambayo mgonjwa huyaona ya kando. Nyumbani kuna ngazi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mchana anabaki na nani? Shinikizo la damu hupimwa kabla ya zoezi. Halafu nguvu za misuli hupewa alama, kuanzia 0 kwa msuli usiotikisika kabisa hadi 5 kwa nguvu kamili. Alama 3 ni ya mgonjwa anayeweza kuinua mkono wake mwenyewe, lakini ukiugandamiza kidogo tu unashuka.

Kile kiti kimoja nacho kina kazi. Mgonjwa anayeweza kusimama huambiwa ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi, huku sekunde zikihesabiwa. Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1991 na hakihitaji mashine yoyote. Nchini Marekani, taasisi ya afya ya CDC inamhesabu mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi kuwa katika hatari ya kuanguka.

Mwisho huja swali linalowakwamisha wengi: unataka nini? Jibu la "nataka kupona" ni la kweli, ila halipimiki. Mama anayesema anataka kujifunga kanga bila msaada, au baba anayesema anataka kupanda daladala tena, amempa mtaalamu kitu cha kupangia mazoezi. Kujifunga kanga kunahitaji vidole vinavyobana na mkono unaofika kiunoni. Mazoezi yataanzia hapo.

Lakini kwa nini mkono uamke kwa mazoezi, wakati aliyeumia ni ubongo? Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub alianza kupata jibu kwa nyani waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja. Nyani hao waliacha kabisa kuutumia mkono huo, ingawa bado ulikuwa na uwezo wa kusogea. Mkono mzima ulipofungwa, ule ulioachwa ukarudi kazini. Taub alitambua kwamba sehemu ya ulemavu ilitokana na mazoea: mnyama amejaribu, ameshindwa, akajifunza kutojaribu tena.

Wazo hilo lilipimwa kwa binadamu katika utafiti ulioitwa EXCITE, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilivishwa glavu nene katika mkono mzima kwa wiki 2, kwa lengo la asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, na siku za kazi likafanya mazoezi ya mkono dhaifu hadi saa 6 kwa siku. Kila kazi ilivunjwa vipande, ugumu ukiongezwa kidogo kidogo. Mwaka mmoja baadaye, muda wa kukamilisha kazi za majaribio ulikuwa umeshuka kutoka sekunde 19.3 hadi 9.3. Kundi la pili, lililopata huduma za kawaida, lilitoka sekunde 24.0 hadi 17.7.

Tahadhari ni muhimu hapa. Waliochaguliwa walikuwa tayari na uwezo wa kuinua kiganja na kunyoosha vidole kadhaa kwa angalau nyuzi 10. Familia isifunge mkono mzima wa mgonjwa kwa uamuzi wake yenyewe, maana huenda huo ndio unaoshika mkongojo na kumzuia asianguke.

Kinachomfaa kila mgonjwa kukijua ni wingi wa marudio. Mwaka 2009, Catherine Lang na wenzake walichapisha hesabu ya vipindi 312 vya mazoezi ya kiharusi. Pale mkono ulipofanyishwa kazi halisi, kama kushika na kuinua kitu, wastani ulikuwa marudio 32 kwa kipindi. Wanyama wa maabara walioonyesha mabadiliko ya ubongo walirudia mamia ya mara kwa siku. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kliniki peke yake. Ndiyo sababu mtaalamu hutoa kazi za nyumbani, na ndiyo sababu mazoezi ya nguvu za soda, yanayochemka wiki ya kwanza na kupoa ya pili, hayaleti mengi.

Je, basi familia ifanye yenyewe na kuokoa nauli? Nchini India, utafiti wa ATTEND ulihusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Nusu yao familia zilifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki wategemezi walikuwa asilimia 47 katika kila kundi. Mafunzo mafupi kwa ndugu hayakuziba nafasi ya mtaalamu anayepima, anayesahihisha na kuongeza ugumu. Nyumbani na kliniki vinahitajiana.

Mgonjwa atarajie uchovu na misuli kuuma kidogo. Maumivu makali ya bega ayaseme mapema, na ndugu wasimwinue kwa kuvuta mkono uliopooza, kwa kuwa bega lake limelegea. Mdomo ukipinda upya, maneno yakikwama ghafla au kifua kikibana, asisubiri tarehe ya kliniki. Awahishwe hospitali saa hiyo hiyo.

Unayempeleka mzazi wako wiki ijayo, beba dawa zake zote, nenda na yule anayeshinda naye nyumbani, na mwombe mzazi ataje jambo moja analotamani kulifanya tena kwa mikono yake. Tarehe ya kurudi ikifika, mrudishe hata kama mnaona hakuna kilichobadilika. Siku hiyo ndipo sekunde mpya zitawekwa kando ya zile za mwanzo.