Uzito Haulingani

Maneno hayo mawili niliyaandika mimi mwenyewe, mezani kwangu hapa Msamala, Songea, nikiwa na hakika kwamba yangemlinda mkulima. Nilikuwa nimetengeneza programu ndogo ya kupokelea ufuta kwa chama kimoja cha msingi cha ushirika. Karani anaingiza uzito wa kila gunia, kisha jumla aliyoiandika kwenye leja. Zikilingana, stakabadhi inatoka.

Siku ya tatu ya msimu alifika mama mmoja na magunia matatu, na programu ikagoma. Jumla ya leja na jumla ya kompyuta zilionekana zile zile hadi tarakimu ya mwisho, lakini skrini ilishikilia neno lake: uzito haulingani. Karani, mtu wa rika la baba yangu, akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akanisomea namba zote mbili polepole. Kisha akasema, “Mwanangu, huyu mama alizijumlisha kichwani kabla mimi sijashika kalamu. Kapata hiyo hiyo.”

Kosa lilikuwa langu, na ni la zamani katika kazi hii. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa tarakimu hizo sehemu moja ya kumi haiandikiki ikaisha, kama sisi tunavyoandika theluthi moja, 0.333, tukachoka kabla haijafika mwisho. Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. JavaScript nayo ni hivyo hivyo. Ziada hiyo ni ndogo kuliko punje yoyote ya ufuta iliyowahi kuota, ila mimi nilikuwa nimeiagiza programu ilinganishe bila kusamehe kitu.

Sehemu hiyo hiyo moja ya kumi imewahi kuua. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kudungua makombora, wa jeshi la Marekani, ulikuwa umewaka kwa takriban saa 100 mfululizo, ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Kuigeuza hesabu hiyo kuwa sekunde kulikata kijichembe, na kadiri saa zilivyopita kosa lilikuwa limekua hadi kufika kama theluthi ya sekunde. Mtambo ukalitafuta kombora la adui mahali ambapo halikuwepo, likapita, na wanajeshi 28 wakafa.

Usiku ule nikatupa desimali zote. Kilo 41.3 ikawa gramu 41,300, namba kamili isiyo na mkia, na nukta ya desimali ikabaki kuwa pambo la kwenye skrini na karatasi tu. Fedha nazo nikazitunza kwa senti.

Tangu hapo vijana wakiniuliza lugha ipi ya programu ni bora, nami huwauliza: nani ataitengeneza programu yako usipokuwepo? Naipenda Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, kwa sababu nafasi ya mwanzo wa mstari ni sehemu ya maana yake. Ukiipanga ovyo, haiendi. Ukurasa wa anayeanza na wa mkongwe hufanana sura, na anayekuja kurekebisha anajua pa kushika. PHP vijana wengi huibeza. Mimi naiheshimu: inakubali seva ya bei ndogo, na hapa Songea au kule Mbinga hukosi fundi anayeijua. Mwenye chama hanunui umaridadi wangu, ananunua msimu usiokwama.

Lakini ufundi wenyewe, ule unaonikesha kwa raha, uko kwenye majina. Nimefungua programu za watu nikakuta kitu kinaitwa “x”, kingine “data2”, na aliyeviita hivyo keshahama mji. Katika programu ya ufuta niliandika uzitoGhafi, uzitoWaGuniaTupu, uzitoHalisi. Nilifundishwa kuyaandika kwa Kiingereza, na kwa kazi inayovuka mipaka nakubali. Hapa, karani akiniambia “uzito halisi umekosewa”, naenda moja kwa moja kwenye mstari wenye jina hilo, wala hatuhitaji mkalimani kati ya mzani na msimbo.

Ukishaanza kusikiliza maneno ya watu, mengine yanakuja yenyewe. Ita Ngonyani, Komba au Haule kwenye mkutano wa kijiji huku kwetu uone watakaoinuka. Kwa hiyo kanzidata isimtambue mtu kwa jina, imtambue kwa namba ya uanachama. Saa nayo. Karani aliandika 2:30 kwa maana ya saa mbili na nusu asubuhi, kompyuta ikaelewa usiku wa manane, na mzigo ukaonekana umepokelewa ghala likiwa limefungwa. Hakukosea. Sisi tunahesabu saa tangu macheo, na programu inayotumika kwetu sharti iulize kama ni asubuhi, mchana au usiku.

Kuna tabia moja niliyofundishwa na mji huu. Hadi 2018, Songea ilipounganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya umeme kutoka Makambako, tulitegemea majenereta ya dizeli, na aliyesubiri kumaliza ndipo ahifadhi alijua uchungu wake. Mpaka leo nahifadhi hatua ndogo ndogo kwa programu iitwayo Git. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, akaipa sifa moja ninayoienzi kuliko zote: historia nzima ya kazi hukaa ndani ya kompyuta yako. Bando liishe, mtandao ukatike, bado unaweza kurudi nyuma hadi mstari wa kwanza. Na kila hatua naiandikia sentensi ya Kiswahili inayosema kwa nini, maana nilichokibadilisha kinajionyesha chenyewe. Ile ya usiku wa ufuta inasema: “Uzito sasa unatunzwa kwa gramu. Usirudishe desimali, mkulima alikuwa sahihi.”

Leja haikuondolewa, na mimi ndiye niliyeomba ibaki. Jioni, mzani ukishafunikwa, karani hujumlisha siku nzima kwa mkono, kisha hunipigia. Yeye anasoma, nami nafuatisha kwenye skrini, gunia kwa gunia.