Ufundi wa kurasa zinazoieleza ramani

Barabara ya Isiolo kwenda Modogashe, kaskazini mwa Kenya, inapita Kulamawe. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na changarawe, lakini hata wakati huo ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kufika Wajir na Mandera. Mchoraji wa ramani aliye mbali, mwenye picha ya setilaiti peke yake, ataona mstari wa udongo katikati ya vichaka. Aiite barabara kuu au njia ya shambani?

Katika OpenStreetMap, ramani huria aliyoianzisha Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, jibu limo kwenye wiki ya mradi, yaani kurasa za maelezo ambazo yeyote anaweza kuzihariri. Upo ukurasa mahsusi wa barabara za Afrika, nao unaeleza kwamba daraja la barabara lifuate umuhimu wake, si hali yake. Umuhimu una lebo yake, na lami au udongo una lebo nyingine, ile ya uso. Huo ni ufundi hasa. Programu za kupanga safari husoma lebo hizo, na barabara hii ikiandikwa kuwa ya shambani, dereva wa lori ataelekezwa kwingine. Na pale mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, unapotandaza lami, mhariri hubadilisha lebo ya uso tu. Daraja halimhusu.

Ukurasa wa lebo ya uso nao ni wa kusomwa polepole. Kila aina ina picha yake: kokoto kubwa kama za reli, changarawe laini, mchanganyiko ulioshindiliwa, mchanga, udongo. Kwenye kokoto, waandishi wanakiri kwamba wachoraji wameitumia lebo hiyo kwa mambo mengi, kuanzia mawe makubwa hadi changarawe iliyoshindiliwa. Hawamkemei mtu. Wanaeleza matumizi yalivyo, kisha wanamwonyesha msomaji neno linalofaa zaidi. Miongozo mingi ya programu niliyoisoma hueleza mambo yanavyopaswa kuwa na kunyamazia yalivyo. Uungwana wa kurasa hizi ni nadra.

Nyuma ya kila ukurasa kuna historia yake: nani alibadilisha nini, lini, na mara nyingi kwa sababu gani. Kuna pia ukurasa wa majadiliano, ambako watu hubishana juu ya sentensi moja hadi ikae sawa. Anayetaka lebo mpya ipitishwe rasmi huandika pendekezo, likajadiliwa, kisha likapigiwa kura kwa siku zisizopungua 14. Ni kazi ya pole, na hailipwi.

Ward Cunningham alipofungua wiki ya kwanza mwaka 1995, aliwakusudia waandishi wa programu waliohitaji kuachiana maarifa. Kurasa hizi za ramani zimeubeba urithi huo vizuri, kwa sababu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu anaweza kuzirekebisha.

Kwa hiyo wewe unayeijua Isiolo na Kiswahili, jiandikishe kwenye wiki hiyo ya ramani. Anzia ukurasa wa visima, unaouliza kama maji huvutwa kwa pampu ya mkono, kwa mtambo, au bila pampu yoyote. Usome, uutafsiri, na palipo na pengo ujaze.