Ufundi wa Kumtagisha Kinyonga

Kiuyu Mbuyuni, kaskazini mashariki ya Pemba, udongo ni mali. Huku si ile Pemba ya mikarafuu na vilima vya udongo mwekundu ambayo wageni huonyeshwa. Huku ni maweni. Jiwe la matumbawe limetanda kila upande, na udongo umejificha ndani ya nyufa na vishimo vyake. Mkulima hupanda pale jiwe lilipomruhusu, muhogo mashina mawili hapa, mtama kidogo pale. Nimeanza na udongo kwa sababu mtu anayetaka kumtunza kinyonga jike wakati wa kutaga, zaidi ya nusu ya kazi yake ni udongo.

Kinyonga wa kwetu, ambaye wazee humwita lumbwi, ni yule yule aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara, mwenye vikunjo viwili vya ngozi nyuma ya kichwa. Wataalamu wanamwita Chamaeleo dilepis. Wengi tumelelewa kumwogopa. Akikasirika hufutuka, hugeuka mweusi, hupanua kinywa, na watoto hukimbia. Lakini hana sumu, na meno yake ni madogo mno. Karibu umri wake wote huupitisha mtini, mbali na miguu yetu. Jike ndiye anayelazimika kushuka, kwa sababu mayai yake hayawezi kukaa popote isipokuwa ndani ya ardhi. Hapo ndipo tunapokutana naye njiani, mzito, hana mbio, na hapo ndipo wengi wao hupigwa mawe wakiwa na mayai tumboni. Jambo hili linaniuma.

Nikisema kumtunza, sikusudii kumfungia kizimbani wala kumuuza. Biashara ya vinyonga baina ya nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Ng'ambo, wanaofuga vinyonga aghalabu huwa na kinyonga wa Yemen aliyezaliwa mikononi mwa watu, na wamejifunza mengi juu ya kumtagisha. Kijijini kufuga ni kuwa na mpera uani, mpera ukawa na kinyonga, na watu wa nyumba wakakubaliana kwamba huyu ni wetu, asiguswe. Ufundi wenyewe haubadiliki, uwe na ndoo ya udongo ndani ya fleti ya London au ua wa makuti Kiuyu.

Dalili za jike anayekaribia kutaga huja taratibu. Mbavu hujaa, na chini ya ngozi huonekana vivimbe vidogo vidogo, mayai yanayogombea nafasi. Hupunguza kula, baadaye huacha kabisa. Kisha, siku yake ikikaribia, kiumbe aliyekuwa akipima kila hatua kabla ya kuikanyaga hukosa utulivu. Hupanda, hushuka, huzunguka ardhini mchana kweupe. Mtunzaji mzuri hasubiri siku hiyo. Kabla yake ameshatafuta mfuko wa udongo baina ya mawe, akaufukua, akautoa mawe na mizizi, akaurudisha umechanganyika na mchanga, kina chake shubiri moja na zaidi. Ameumwagia maji, na ameupima kwa mkono: ukiufumbata ushikane, lakini usidondoshe tone. Ukiwa mkavu, shimo litamporomokea. Ukiwa tope, mayai yataoza. Halafu amezungushia makuti, kwa ajili ya kuku, maana kuku akiliona shimo bichi hatalipita bila kulichakura.

Nilimtazama mmoja akichimba, nikiwa mbali, nyuma ya mlango wa ua, pamoja na mama mmoja na mwanawe. Vidole vya kinyonga vimefungamana mafungu mawili, viwili upande huu na vitatu upande ule, vimeumbwa kukumbatia tawi. Kwa kuchimbia ni zana duni, lakini ndizo alizojaaliwa. Alitanguliza kichwa, akakwangua kwa miguu ya mbele, akausukuma udongo nje kwa miguu ya nyuma. Akagonga jiwe. Akatoka, akakaa kimya kwa muda mrefu, akaliacha shimo lile na kuanza jingine hatua chache pembeni, pale palipotengenezwa. Jua lilikuwa limeshainama alipogeuka, mkia ndani, kichwa mlangoni mwa shimo, vumbi limemganda kwenye kope, jicho moja likitazama juu na jingine likitutazama sisi. Yule mtoto alitaka kusogea. Mama yake akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, mwache mwenyewe, ana uchungu wake."

Mama yule hakusoma kitabu chochote cha wanyama, na aliyoyasema ndiyo maarifa makubwa kuliko yote katika kazi hii. Kinyonga akijua anatazamwa huacha kuchimba. Akiacha mara kwa mara, mayai hukaa tumboni kupita wakati wake, na mayai yaliyokwama humuua. Ng'ambo daktari wa wanyama anaweza kumchoma sindano au kumpasua. Kijijini tiba hiyo haipatikani, kwa hiyo tiba yetu ni kinga: udongo ulio tayari, maji, chakula chenye chokaa ya kutosha, na watu wanaojua kukaa mbali. Chokaa si taabu kwa watu wa pwani. Ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni husagwa ukawa unga, na panzi akapakwa kidogo kabla ya kuachiwa juu ya tawi.

Mayai huweza kufika makumi kadhaa. Akimaliza huyafukia, akayakanyaga, akasawazisha juu mpaka asiyejua asione kitu. Hutoka amenyong'onyea, mbavu zimeingia ndani, ana kiu. Usimwekee bakuli, kwani kinyonga kwa kawaida hanywi maji yaliyotuama. Nyunyizia majani, atayafyonza matone. Baada ya hapo hupanda mtini wala hatarudi kuyaangalia. Watoto wakitoka watajitafutia wenyewe tangu siku ya kwanza.

Sisi tuliozoea kuku hukosea hapa. Kuku akiatamia huyageuza mayai kila siku, na asipoyageuza huharibika. La kinyonga ni kinyume. Baada ya muda mfupi kijusi hujishikiza upande wa juu wa yai, na ukiligeuza unakiua. Wavuvi wanaokijua kisiwa cha Misali, ambako kasa na ng'amba hupanda kutaga na ambacho kimekuwa eneo la hifadhi tangu 1998, hawatashangaa, kwa sababu yai la kasa nalo halitaki kugeuzwa. Ganda la yai la kinyonga ni laini kama ngozi. Yai hunywa unyevu wa ardhini na kuongezeka ukubwa kadiri kijusi kinavyokua.

Kisha ni kungoja, na kungoja huku si kwa kuku wa siku ishirini na moja, wala si kwa kasa wa miezi miwili. Mayai ya kinyonga wetu hukaa chini miezi mingi, hata kukaribia mwaka. Madagaska yuko mmoja, Furcifer labordi, anayekaa ndani ya yai miezi minane au tisa, na akishatoka huishi miezi minne au mitano tu. Sehemu kubwa ya maisha yake hupita gizani chini ya mchanga. Kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya amejiepusha na yote haya: hatagi, huzaa watoto hai, kule ambako ardhi ni ya baridi. Wa kwetu hana njia hiyo. Anautegemea udongo, na udongo wa Kiuyu ni mchache.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa unalima jembe likafukua mayai meupe madogo, marefu kidogo, laini, usiyavunje kwa kudhani lazima ni ya nyoka. Usiyageuze. Yarudishe kama ulivyoyakuta, la juu libaki juu, yafukie kwa udongo wenye unyevu, chomeka kijiti pawe na alama, na kipande hicho cha shamba ukilime mwakani.