Elsa wa Meru: mama alilelewa, watoto hawakuguswa

Jina la Elsa linajulikana kote duniani kupitia kitabu cha Joy Adamson kilichotoka mwaka 1960 na filamu ya 1966. Kazi yenyewe ya kumlea huyu simba jike, na ya kuwalinda wanawe katika nyika ya Meru, huzungumzwa kidogo. Ndiyo inayostahili kuchambuliwa.

Tarehe 1 Februari 1956, George Adamson, mumewe Joy na afisa wa wanyamapori wa eneo la kaskazini mwa Kenya, alimuua simba jike aliyemshambulia. Katika ufa wa mwamba akakuta watoto watatu, wote majike, wangali wachanga kabisa. Nyumbani kwao Isiolo hapakuwa na chupa ya mtoto, basi mpira mwembamba uliochomolewa kwenye redio ukageuzwa chuchu. Chakula kilikuwa maziwa ya kopo yasiyo na sukari, yakichanganywa na mafuta ya ini la samaki, glukosi, unga wa mifupa na chumvi kidogo. Nuru, aliyekuwa mfanyakazi wa bustani, ndiye aliyekabidhiwa ulezi wa kila siku, na sifa yake katika habari hii ni ndogo kuliko jasho lake. Dada wawili wa Elsa walipelekwa Rotterdam. Yeye akabaki.

Kumrudisha porini kulikuwa kugumu zaidi kuliko kumnyonyesha. Mahali pa kwanza palimkataa: aliugua, akakonda. Ndipo akahamishiwa Meru, kando ya Mto Ura, penye joto kama la alikozaliwa. Akina Adamson walimwacha peke yake siku kadhaa, kisha wakarudi na kufyatua risasi hewani ili ajue wamefika. Alipotokea, walimtazama mbavu na tumbo. Akiwa ameshiba, ameweza kujiwindia. Akiwa amekonda, alipewa nyama. Kipimo hicho hakikuhitaji maabara, na kilifanya kazi.

Desemba 20, 1959, baada ya kukutana na dume la porini, Elsa alizaa. Joy na askari wa wanyamapori Makedde walizunguka wakitafuta maficho, lakini Elsa hakupenda kufuatwafuatwa. Kama wiki sita baadaye aliwaleta mwenyewe kambini: Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Mama aliendelea kuwasugulia watu kichwa, ila watoto hawakushikwa wala kufugwa. Jespah alisogea karibu. Elsa Mdogo alibaki mkali na mwoga wa watu. Uamuzi huo wa kutowagusa ndio ulikuwa sahihi kuliko yote yaliyofanywa pale.

Chakula ndicho kilichoharibu hesabu. Ili familia isipotee, kambi iliwapa nyama, mara nyingi ya mbuzi. Mtoto wa simba humtegemea mama yake kwa karibu miaka miwili, akijifunza kuvizia na kuangusha mawindo. Januari 24, 1961, Elsa alikufa kwa babesiosis, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kuharibu chembe nyekundu za damu. Wanawe walikuwa na mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi tu. Waliogopa mkono wa mtu lakini walizoea mbuzi wake, na hawakuchelewa kuingia katika mazizi ya wafugaji wa Tharaka. Jespah akapigwa mshale. Mwisho George aliwanasa wote watatu, wakasafirishwa hadi Serengeti.

Wafugaji wale hawapaswi kulaumiwa: mbuzi ni ada ya shule na ni mahari. Aliyewalisha simba karibu na makazi ya watu alipaswa kuwahesabu majirani tangu mwanzo, kama alivyohesabu vijiko vya glukosi.

Leo sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Ukikuta watoto wa simba, chui au paka wa porini kichakani, usiwabebe. Huenda mama amekwenda kuwinda tu. Ondoka polepole, kisha wajulishe maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) walio karibu nawe.