Ufundi wa Kukaa na Watu

Desemba ikiingia, Ulaya na Marekani watu hujifungia ndani kwa baridi, na kampuni za filamu za mtandaoni huwatolea filamu mpya za hali halisi za kutazama sikukuu nzima. Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, haina baridi ya namna hiyo. Desemba ya Ukerewe ni mvua za vuli, ni shule kufungwa, ni wana wa kisiwa kushuka melini na mizigo kutoka Mwanza na Dar es Salaam, wengi wao wakiwa na simu au flashi zilizojaa filamu walizopakua mjini. Muda wa kutazama upo na watazamaji wapo. Nami nautumia msimu huu kuusifu ufundi ambao kisiwa hiki kina haki ya kuujua kuliko sehemu nyingi: ufundi wa kutengeneza filamu za hali halisi.

Wengi huudhani ni ufundi mwepesi. Hakuna waigizaji wa kulipa wala mapigano ya kupanga. Unawasha kamera, watu wanaishi, wewe unachukua. Ingekuwa hivyo, kila mwenye simu angekuwa bingwa. Mtu akielekezewa kamera hubadilika. Hunyoosha shati, huongea kama anayehutubia, humpa mgeni jibu analodhani mgeni amelifuata. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye kamera ni mgeni, na filamu yake huanza kuwa kweli pale wenyeji wanapomzoea kiasi cha kumpa jembe, yaani wanapoendelea na shughuli zao bila kumwandalia maonyesho. Siku hiyo haiji kwa haraka, na hakuna mashine inayoileta.

Ushahidi uko hapahapa. Mwaka 2012 ilitoka filamu iitwayo In the Shadow of the Sun, ya mwongozaji Mwingereza Harry Freeland. Aliirekodi kwa miaka 6. Inafuata maisha ya Watanzania wawili wenye ualbino katika miaka ile ya kutisha ambapo wenzao waliuawa na kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mmoja ni mwanaharakati Josephat Torner, aliyekwenda hadi katika jamii zilizoguswa na mauaji kuzungumza na watu ana kwa ana. Wa pili ni Vedastus, kijana wa Ukerewe, aliyebaguliwa na kuonewa shuleni lakini akabaki na nia ya kumaliza masomo.

Miaka 6 kwa filamu isiyofika saa mbili! Mhasibu angeiita hasara. Lakini kijana hakui kwa wiki mbili za ratiba ya mpigapicha. Nia ya Vedastus ya kusoma, ukiisikia mara moja, ni maneno tu. Ukiikuta bado ipo baada ya miaka, kila kitu kikiwa kimefanya kazi ya kuizima, umeona tabia ya mtu. Hicho ndicho filamu ya namna hii inaweza kutuonyesha na taarifa ya habari haiwezi. Habari ilitupa idadi ya waliouawa. Filamu ilitupa mtu mmoja anayeishi, ana jina, ana mipango, na hataki kuonewa huruma tu.

Uvumilivu huo unahitaji pia mikono yenye ujuzi. Mpigapicha akitaka kuweka sura ya mtu mwenye ualbino na ya ndugu yake mweusi katika picha moja, jua la saa sita likiwaka, ana mtihani mkubwa: akiifungulia kamera mwanga ili uso mweusi uonekane vizuri, uso mweupe utaungua na kupoteza sura, akiubana mwanga, ndugu mwingine atazama gizani. Lazima ajue kivuli kiko wapi, na alasiri mwanga utageukia upande gani. Upepo wa ziwa nao huingia kwenye maikrofoni na kumeza maneno ya mtu, na ndiyo maana wanaorekodi sauti huivika vifuniko vya manyoya. Kisha unakuja uhariri, ambako mamia ya saa hupunguzwa hadi ibaki hadithi moja. Mhariri ndiye anayeamua kama ukimya wa mtu kabla ya kujibu utabaki au utakatwa, na mara nyingi ukimya ule ndio jibu lenyewe.

Ziwa letu limeonja pia upande wa pili wa ufundi huu. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, ambayo Watanzania wengi waliijua kama filamu ya mapanki. Ilirekodiwa Mwanza na kandokando ya ziwa: sangara, ndege za mizigo, umaskini, na yale mapanki, mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishasafirishwa ng'ambo. Ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka huohuo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikosoa hadharani. Wakosoaji walihoji hasa namna ilivyounganisha ndege za samaki na biashara ya silaha. Sisemi Sauper hakuwa fundi. Picha zake zina nguvu, na swali lake kuhusu nani anakula minofu na nani anabaki na mifupa ni swali la haki. Kasoro naiona kwingine: ndani ya filamu ile mtu wa Mwanza ana nafasi ya kuteseka tu. Hapangi, hachekeshi, hafanikiwi hata siku moja. Mji mzima umeitwa kutoa ushahidi wa hoja ambayo mwongozaji alikwisha kuiamua.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: je, mtu aliyerekodiwa anaweza kukaa na jirani zake, akaitazama filamu hiyo, akajitambua? Sina maana ajisifu. Ajitambue tu, pamoja na makosa na machozi yake.

Filamu ya The Letter ya mwaka 2019, ya Maia Lekow wa Kenya na Christopher King, inakifikia kipimo hicho. Kijana Karisa anarudi kijijini kwao kutoka mjini Mombasa baada ya kusikia bibi yake ametuhumiwa uchawi, na polepole tunaona jinsi suala la ardhi lilivyojificha nyuma ya tuhuma ile. Mtu wa Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizohizo, hahitaji kuelezwa uzito wake. Nguvu ya filamu iko katika kuwaacha wanafamilia wote waongee, wanaotuhumu na wanaotuhumiwa, hadi mtazamaji aelewe chuki inavyoota nyumbani mwa watu wanaosali pamoja. Mwaka 2025 Lekow na King walirudi na How to Build a Library, kuhusu wanawake wawili wa Nairobi wanaoikarabati maktaba ya McMillan. Softie ya Sam Soko, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake, ilipewa tuzo ya uhariri katika tamasha la Sundance mwaka 2020. Na katika Thank You for the Rain ya mwaka 2017, mkulima wa Kenya Kisilu Musya anaishika kamera mwenyewe na kurekodi ukame na mafuriko yanayoikumba familia yake. Hizi ndizo filamu zinazostahili bando la sikukuu.

Ukerewe ilimjua bingwa wa kazi hii kabla kamera hazijaenea. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni riwaya, lakini ndani yake aliweka kilimo, dawa, pombe, maombolezo, salamu na adabu za ukweni kwa subira ya mtu aliyeogopa vitu hivyo visipotee. Kitabu kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Freeland alipokuja na miaka yake 6, alikuta kisiwa ambacho kilikwisha kuwa na mtu wa kukaa, kutazama na kuandika kwa heshima.

Basi ndugu mnaorudi nyumbani likizo hii, tazameni filamu hizi pamoja na wazee na watoto, na pasipoeleweka Kiingereza, mmoja wenu atafsiri. Kisha zile simu mlizokuja nazo zielekezeni kwa bibi na babu, kwa ruhusa yao, mwaulize walivyoishi, na mwaache waongee bila kuwakata. Vijana wa Nansio wana ziwa, wana lugha, wana Kitereza wa kujifunza kwake. Filamu kubwa ijayo kuhusu Ukerewe inapaswa kutengenezwa na Mkerewe.