Mnyama, Dubwana na Pumzi: Usawiri wa Reptilia wa Bahari za Kale katika Michezo ya Kuigiza Mezani

Uhakiki wa fasihi umekuwa na mazoea ya kumtafuta mhusika miongoni mwa wanadamu. Mnyama ameachiwa ngano, na hata humo amesomwa mara nyingi kama vazi alilovishwa binadamu: sungura ni ujanja, fisi ni ulafi, simba ni utawala. Makala haya yanamchunguza mnyama ambaye hakuna binadamu aliyewahi kumwona akiwa hai, na ambaye kwa hiyo hana budi kuumbwa na maneno kila anapotokea. Huyu ni reptilia mkubwa wa baharini wa kabla ya historia, yaani plesiosauri, mosasauri na ikthiosauri, jinsi anavyosawiriwa kama dubwana katika michezo ya kuigiza mezani.

Michezo hii ilipata sura yake ya maandishi mnamo 1974, Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilipochapishwa huko Marekani. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja, msimamizi, husimulia mahali na matukio. Kila mmoja wa wengine humbeba mhusika wake na kusema anafanya nini. Dadu huamua kama tendo limefaulu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatapata shida kuitambua hali hii. Yuko fanani, iko hadhira, na upo utendaji usiorudiwa mara mbili kwa namna ile ile. Tofauti ni kwamba hadhira hii ina mamlaka ya kuipindua hadithi, na kwamba fanani ameweka kitabu mbele yake.

Kitabu hicho ndicho matini yetu. Monster Manual ya Gygax, iliyotoka 1977, imepangwa kama kamusi, kila kiumbe na kidahizo chake. Elasmosauri, mosasauri na plesiosauri wamo, lakini wamewekwa chini ya dinosaria. Kwa elimu ya viumbe hilo ni kosa. Hakuna hata mmoja kati yao aliye dinosaria, na mosasauri ana udugu wa karibu zaidi na kenge na nyoka kuliko na hao aliopangwa nao. Toleo la 2014 linakiri kwamba plesiosauri ni binamu tu wa dinosaria, kisha linamweka palepale. Hapa tunakumbuka hekaya ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa 1870, ambamo mwana wa sultani anatoka kwenda kumwua nunda mla watu. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine na kumletea mamaye kila mmoja, na kila mara anaambiwa kwamba huyo siye. Waandishi wa vidahizo hawakuwa na mama wa kuwarudisha mwituni.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuibebesha michezo hii lawama yote. Reptilia hawa walianza kufanywa madubwana tangu walipofukuliwa. Mnamo 1823 Mary Anning alichimbua mifupa ya plesiosauri karibu kamili katika majabali ya Lyme Regis, Uingereza, na shingo yake ilikuwa ndefu kiasi cha kumfanya Cuvier, bingwa wa elimu ya mifupa wa Ufaransa, ashuku kwamba kuna udanganyifu. Mnamo 1830 Henry De la Beche alichora bahari ya kale iliyosheheni viumbe, na katikati yake ikthiosauri ameing'ata shingo ya plesiosauri. Thomas Hawkins alichapisha kitabu juu ya visukuku hivi mwaka 1840 na katika jina lake akawaita majoka wa baharini. Jules Verne naye, katika riwaya yake ya 1864 kuhusu safari ya kwenda kitovu cha dunia, aliwapambanisha wanyama hao wawili mbele ya wasafiri walio juu ya chelezo. Kwa hiyo mchezo wa 1974 ulirithi taswira iliyokwisha kukomaa, ya shingo, meno na mapambano. (Elasmosauri aliwahi kudhalilishwa zaidi: Edward Cope, alipomweleza kwa mara ya kwanza mnamo 1868, alikibandika kichwa kwenye ncha ya mkia.)

Tukitazame kwa karibu kidahizo cha plesiosauri cha 2014. Mnyama ana pointi 68 za uhai. Akiuma, hurushwa dadu tatu za nyuso sita na jumla yake huongezwa nne. Huogelea futi 40 katika zamu moja. Akili yake ni 2. Msomaji aliyezoea nathari atasema hapa hapana fasihi ya kuhakiki, na sisi hatukubaliani naye. Tarakimu hizi zinafanya kazi iliyo jirani na ile ya vina na mizani: zinamfunga fanani, na kifungo hicho ndicho kinachoupa utendaji mvuto, kwa kuwa hadhira inajua kwamba msimamizi hawezi kumwokoa wala kumwangamiza mtu kwa kupenda kwake. Upungufu hautokani na kuwapo kwa tarakimu. Unatokana na kile zinachokichagua kukipima. Kidahizo kinampa plesiosauri uwezo wa kwenda futi 20 nchi kavu, mnyama ambaye viungo vyake vinne vilikwisha kugeuka kuwa mapezi. Kinasema shingo yake hupinda upande wowote atakao, ilhali wataalamu wengi wa visukuku hawaikubali tena picha ile ya shingo iliyopindwa kama ya bata maji. La uzito zaidi, kinatuambia kwamba mnyama huyu humshambulia kiumbe yeyote anayekutana naye. Mnyama anayemshambulia kila kiumbe hana njaa, hana woga, hana mahali anapopalinda. Hana sababu, na kiumbe asiye na sababu hajawa mhusika bado, hata angepewa pointi elfu.

Lakini katika kidahizo hicho hicho umo mstari mmoja ambao kwao mnyama anafufuka. Unasema kwamba plesiosauri anaweza kuzuia pumzi kwa muda wa saa moja. Reptilia wote hawa walivuta hewa. Bahari iliwalisha, lakini haikuwapa pumzi. Msimamizi anayeuchukua mstari huu kwa uzito amepata msuko mzima wa hadithi. Wavuvi wa mchezoni wanajua kwamba dubwana amo ndani ya ghuba, na wanajua pia kwamba kabla saa haijaisha atapanda juu. Wanahesabu. Maji yametulia, na utulivu huo unatisha kuliko meno kwa sababu una mwisho unaojulikana. Na wakiwa na ukatili wa kutosha wanaweza kuutandaza wavu mzito juu ya mlango wa pango la chini ya maji na kungoja. Hapo swali la mchezo limebadilika. Awali lilikuwa je, tutamshinda? Sasa linauliza je, tutakaa hapa tukitazama mnyama akifa maji ndani ya bahari yake?

Sayansi ya karibuni imelitilia nguvu swali hilo. Mwaka 2011 F. Robin O'Keefe na Luis Chiappe walieleza kisukuku cha polikotilo, mmoja wa jamii ya plesiosauri, kilichopatikana Kansas. Tumboni mwake mlikuwa na kijusi kimoja kikubwa. Mnyama huyu hakutaga mayai. Alizaa, na watafiti hao walipendekeza kwamba huenda alimlea mtoto wake huyo mmoja. Yafaa tufikiri maana ya jambo hili mezani. Dubwana anayeing'ang'ania ghuba moja msimu mzima, anayepindua mitumbwi lakini hawafuati wanaokimbilia ufukweni, ana siri ambayo wachezaji wanaweza kuigundua kwa kutazama, bila kurusha dadu hata moja. Ikthiosauri naye ana utajiri wa namna nyingine. Baadhi yao walikuwa na macho yenye kipenyo kinachozidi sentimita 20, na mwindaji wa namna hiyo katika maji ya giza huigeuza taa ya wachezaji kuwa alama ya kuwafichua.

Wapo watakaopinga kwamba haya yote yanaigeuza burudani kuwa somo la biolojia. Hofu yao ina msingi, kwani tumekwisha kuona wasimamizi wanaokariri majina ya mifupa mpaka hadhira ikasinzia, na huo nao ni utambaji mbovu. Wengine hushika njia iliyo kinyume: mosasauri huongezewa sumu, umeme au uchawi ili alingane na yule kasa-joka wa vitabu hivi anayepuliza mvuke wa moto. Hatuna ugomvi na mvuke. Ubunifu una haki zake. Tunachotilia shaka ni nyongeza inayomwondolea mnyama mahitaji yake. Mpe mosasauri uwezo wa kupumua majini, nawe umeufuta uso wa bahari kama mahali pa tukio. Nunda wa Sultani Majinuni hakuanza na uchawi. Alikuwa paka wa nyumbani, akala mnyama mmoja asikatazwe, kisha mwingine, huku bwana wake akisema paka ni wangu na mali ni yangu, hata akafika kwa watu. Utisho wake uko katika hatua hizo, kwa sababu kila hatua ilikuwa na nafasi ya kumzuia.

Kidahizo cha reptilia wa baharini kinaweza kuandikwa kwa mantiki hiyo bila kuacha umbo lake la tarakimu. Pointi 68 zibaki, na dadu tatu zibaki. Pale palipoandikwa kwamba humshambulia kila anayekutana naye, paandikwe anakula nini, anazalia wapi, mara ya mwisho alivuta pumzi lini, na ni nani aliyeanza kuvua katika ghuba yake.